"Soon" ya Baba, Ngolo ya Mama

Juzi binti yangu wa mwisho alirudi na kazi ya nyumbani ya Kiingereza: maneno ya muda, ayapange kuanzia la muda mfupi mpaka la muda mrefu. Aliyapanga vizuri, "moment" juu, "minute" chini yake, akashuka hadi "week" na "season", kisha akakwama na kalamu mdomoni. "Mama, hii 'soon' ni muda gani hasa?" Mimi nilikuwa napepeta maharage. Nikamjibu kwa ukali ambao haukumhusu kabisa: "Huo si muda. Lifute." Akalifuta, na kesho yake mwalimu akamkosesha. Nimemwomba radhi mtoto, lakini sikumweleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ni ndefu na ina aibu ndani yake. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto wakati ushirika unakufa na magari ya wanunuzi binafsi yanaanza kupanda milimani kutafuta kahawa.

Kwetu ni Maguu, kijiji cha milimani juu ya ziwa. Baba yangu alikuwa karani wa ghala la ushirika, mtu wa kalamu sikioni, na alipoingia ndani jioni nyumba nzima ilinuka magunia na kahawa kavu. Nilidhani hiyo ndiyo harufu ya wanaume wote. Kisha ghala likafungwa kufuli, na wanunuzi wapya wakaja na mizani yao na Kiingereza chao. Baba alikipenda kile Kiingereza kuliko alivyowapenda wenyewe. Hakukijua sana, lakini alichokipata alikipachika kila mahali. Maji yatachemka soon. Mvua itakatika soon. Mama alikuwa akimcheka, anamwambia, "Baba Fulani, chakula kiko tayari soon, kaa hapo hapo usubiri," na sisi sote tunacheka, na yeye pia.

Mama alikuwa Mnyasa, mtu wa chini ziwani, upande wa Mbamba Bay. Alipoolewa huku juu baba yake alimpa cherehani ya miguu, ikapandishwa mlima na vijana wanne kwa zamu, na kwa cherehani hiyo aliwashonea sare nusu ya watoto wa shule yetu. Asubuhi moja nikaona watu wawili wanaitoa nje. Pedali yake ilikuwa inapiga kelele siku nyingi, kwa hiyo nikajua inakwenda kutengenezwa, hata nikawakimbilia kuwapa ule mkanda wake uliokuwa umebaki chini. Kumbe baba ameiuza bila kumwambia mwenyewe, ajiunge na rafiki zake wawili nao wawe wanunuzi binafsi. Biashara ile haikufika hata mwisho wa mavuno. Mama alivumilia hadi Krismasi ikapita, halafu akafunga mzigo wake, akaniambia nimsaidie bibi, mama yake baba, kuteka maji, akashika njia ya Tingi inayoshuka ziwani.

"Baba, mama amekwenda wapi?"

"Kwao, kumwangalia bibi yako wa ziwani. Atarudi soon."

Watu wazima wote walijua alichokuwa hasemi. Kwetu mke akiondoka kwa kuonewa harudi kwa miguu yake mwenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Anafuatwa. Mume anamtafuta mzee wa kwenda naye, wanashuka, wanakaa mbele ya wakwe, wanasemwa mpaka wakwe wachoke, ndipo mke anasimama kuchukua mzigo wake. Baba hakutaka kusemwa. Ni hilo tu, na ninaliandika wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilimtafutia sababu kubwa zaidi ya hiyo.

Darasa la tano tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza tuliyemwita Mwalimu Soon kisirisiri, maana tukimwuliza chaki zitakuja lini, au daftari zetu atasahihisha lini, jibu lake lilikuwa hilo hilo la baba. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna mwalimu mwingine alikuwa nacho: kamusi kubwa aliyoachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao, haina jalada, imevalishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kamusi hiyo ilieleza kila neno limetoka wapi. Alitufundisha kwa vina kwanza, tukiimba huku tunapiga madawati: soon, noon, moon, while, mile, smile, day, stay, away. Tukishashika wimbo ndipo anafungua kamusi, anashusha miwani, anatuambia ukoo wa neno.

Nayakumbuka yote kama nakumbuka sala. "Minute" alisema ni kitu kidogo tu, kipande kilichokatwa kwenye saa. "Moment" ilitoka kwenye kusogea, muda ambao kitu kinasogea kidogo kwenye mizani. "While" hapo kale ilikuwa kupumzika. "Fortnight" ni usiku kumi na nne, kwa kuwa watu wale wa zamani walihesabu usiku badala ya mchana. Na "noon" ilitufurahisha kuliko zote, kwa sababu maana yake ya kwanza ilikuwa saa ya tisa, saa tisa kabisa kama hii yetu, saa ya sala ya watawa. Walikuwa wakifunga mpaka saa hiyo ndipo wale. Sasa njaa ikawasumbua, alisema mwalimu, wakawa wanaisali mapema, kila mwaka mapema kidogo, hadi saa tisa ikaangukia saa sita mchana. Sisi tuliokuwa tunatoka misa ya pili na matumbo yanaunguruma tuliwaelewa vizuri sana watawa hao.

Siku aliyofika kwenye "soon" niliinua mkono.

"Mwalimu, soon ni siku ngapi?"

Darasa likacheka, na yeye akacheka, lakini akafungua. Alisoma kimya, akakuna kidevu. "Hapo kale," akasema, "neno hili lilikuwa na maana ya sasa hivi. Papo hapo. Mtu akisema soon, ameshanyanyuka." Akaiweka kamusi mezani. "Ila watu waliahidi, wakachelewa. Wakaahidi, wakachelewa. Mpaka neno lenyewe likachelewa nao."

Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikaa pale nikimwona baba anasema lile neno mlangoni, na nikachagua kuamini maana ya kale. Nilijiambia baba ni mtu wa zamani, ni karani, anatumia maneno yalivyoandikwa. Isitoshe, nilikuwa na imani yangu nyingine ya kitoto: kwamba maneno yenye kina kimoja ni ndugu, kama sisi wa ukoo mmoja tunavyoitwa jina moja, na ndugu hawaendi mbali. Kama "soon" na "moon" ni ndugu, basi mama atakuja mwezi ukijaa. Mwezi ukajaa. Nilifagia uwanja mara mbili siku hiyo, nikakaa kwenye njia ya Tingi hadi bibi akaniita kula. Mwezi ukapungua, ukaandama mwingine, na mimi nikakasirikia kamusi badala ya kumkasirikia mwanaume aliyekuwa anakula ugali wake kwa raha mbele yangu.

Nikamwuliza tena baba. Safari hii akasema, "Msimu wa maharage ukifika, mama yako atakuwa hapa. Nani mwingine atachimba?"

Kwa wasiotujua, milima yetu imesimama sana, na udongo ungeshaondoka wote na mvua kama si ngolo. Mwanaume anafyeka majani, anayalaza chini kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa na macho kama ya wavu. Kazi yake inaishia hapo. Mwanamke ndiye anaingia katikati ya kila jicho na jembe, anachimba shimo, udongo anaufukia juu ya majani, na juu ya matuta hayo anapanda maharage. Mvua ikinyesha mashimo yanameza maji. Mwanaume kuchimba ngolo ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Shamba lililofyekwa likaachwa bila kuchimbwa linapiga kelele kijiji kizima kwamba nyumba hiyo haina mke.

Baba alifyeka, akalaza majani. Majani yakakauka. Bibi, ambaye ndiye angeweza kuchimba na kuwaita shangazi zangu wamsaidie, alifunga kanga yake akaenda Mbuji kwa binti yake aliyejifungua. Aliniachia unga na mboga, akamwambia baba mbele yangu, "Nitakaa huko." Nilishangaa bibi kuondoka msimu kama huo. Nilidhani anampenda sana huyo mjukuu mpya kuliko mimi.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Soon alitufundisha "season". Kamusi ilisema asili yake ni kupanda mbegu. Sijui kama alilitilia maanani, maana akili yake haikuwa darasani tena. Siku chache baadaye alipata kazi kwa wanunuzi wa kahawa, akatuaga kwamba atarudi kutumalizia kitabu, na mnajua alitumia neno gani. Lakini mimi lilinikaa. Kama msimu ni kupanda, basi msimu hauji wenyewe kama mvua. Unatengenezwa na mtu. Na baba alisema mama atakuja msimu ukifika. Shamba limelala tu pale, hakuna anayeligusa, msimu utafikaje? Niliogopa pia kitu kingine: kwamba mama akirudi akute magugu kwenye shamba lake atasema hapa sina mahali, atageuka.

Basi nikachukua jembe la mama nikaenda kuchimba.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jembe lilikuwa refu kuliko mimi, udongo mzito, na mteremko ule ukiteleza unajikuta kwa jirani. Siku ya kwanza nilichimba mashimo matatu, yamepinda. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, nikafunga matambara. Nilikuwa nachimba asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na shuleni nikawa nasinzia. Siku ya tatu baba alipita juu ya shamba akasimama. Nilingoja aniambie niache. Alitazama, akaondoka, akarudi na jembe limekatwa mpini, fupi, la kimo changu, ameukwangua mpini kwa kipande cha chupa ili usinichome. Akanipa. Nililia kwa furaha nikiwa nimeinama asinione. Nilidhani huo ni upendo, na labda ulikuwemo upendo ndani yake, lakini leo mimi ni mzazi na najua mtu mzima anayemkatia mtoto mpini anakuwa ameshaamua nani atafanya kazi.

Nilichimba usiku kumi na nne kwa hesabu ya watu wa kale, yaani "fortnight" nzima, na nilipomaliza jicho la mwisho nilikuwa na mashimo themanini na moja. Baadhi yalikuwa na kina cha sufuria tu. Lakini kwa mbali, kutoka njiani, lilikuwa shamba lililochimbwa kama mashamba mengine.

Siku hiyo alipita mama mmoja muuza usipa, ambaye alikuwa akipandisha vile visamaki vikavu kutoka ziwani, akibadilisha kwa mahindi, na kushuka tena. Alikuwa anatoka kijiji kimoja na mama yangu. Nilimkimbilia njiani nikihema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mweusi! Jua lote hili ni lako?"

"Mama, ukifika nyumbani mwambie mama yangu ngolo imeshachimbwa. Shamba lote. Asiwe na wasiwasi."

Aligeuka akalitazama shamba. Akanitazama mimi, nimeficha mikono nyuma kwa sababu ya yale matambara, maana tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto hajisifu. Alikuwa na kitu cha kuuliza, nilikiona usoni mwake. Hakukiuliza. Pengine aliona ni kumchokonoa mtoto. "Haya," akasema polepole. "Nitamwambia."

Bibi alirudi kutoka Mbuji siku kama tatu baada ya hapo. Hakuingia hata ndani. Aliliona shamba kutoka barabarani, akashuka na mzigo wake kichwani hadi kwenye matuta.

"Nani kachimba hapa?"

"Mimi, bibi." Sasa mikono nikaitoa.

Nilingoja sifa. Bibi aliutua mzigo, akakaa juu ya tuta nililolifukia mimi mwenyewe, akaanza kulia. Sijawahi kumwona bibi yangu akilia kwenye msiba wowote, lakini siku ile alilia kama mtoto.

"Mjukuu wangu, mimi Mbuji nilikwenda makusudi," akasema. "Shangazi zako niliwakataza mimi wasiguse hata bonge la udongo. Nilitaka akose mikono, mjinga yule. Majani yaoze pale watu wakiona, aaibike, amfuate mkewe. Alikuwa ameshaanza kuulizia mzee wa kushuka naye." Akachukua viganja vyangu akavitazama. "Sasa atakwenda kutafuta nini? Mikono si ameshapata?"

Na kweli baba hakushuka. Maharage yaliota, yakakomaa, tukayala. Muuza usipa alipopanda tena nilimwuliza mama amesema nini. Akajishughulisha na ungo wake. "Amesikia," akasema. "Amesema sawa." Sawa hiyo niliibeba miezi na miezi kama kitu cha thamani. Msimu uliofuata nilichimba tena, na mwingine, na mwingine, hakuna aliyeniambia nichimbe na hakuna aliyeniambia nisichimbe. Mtihani wa darasa la saba uliniona na usingizi wangu ule ule. Baba hakuoa mke mwingine. Hakuwa na haja.

Nilimchukia, niseme ukweli. Nilimuuguza mwishoni na nikamzika, na hata kaburini nilikuwa nimemkasirikia. Lakini chuki kubwa zaidi nilijiwekea mwenyewe, kwa sababu ya maneno ya bibi. Nilikua nikijua kwamba ni mimi niliyemnyima mama njia ya kurudi. Kila mtu akisifu kwamba mimi ni mchapakazi nasikia kama ananitukana.

Baada ya mazishi ya baba nilishuka ziwani. Kulikuwa na gari sasa hadi Mbamba Bay, na kutoka hapo nikatembea. Nilimkuta mama kwenye mchanga anaanika usipa, nywele nyeupe pembeni, ameolewa siku nyingi na mvuvi, ana watoto watatu ambao ni wadogo zangu na ambao walinisalimia kama mgeni. Alinijua mara moja. Alinishika, akaniachia, akanishika tena, akanipikia, akanikalisha kwenye mkeka. Tulizungumza ya msiba. Halafu akainamisha kichwa, anachambua samaki ambao hawakuhitaji kuchambuliwa.

"Na yule mwanamke," akasema, "alikuwa anakupa chakula vizuri?"

"Mwanamke gani?"

"Yule aliyechukua nafasi yangu pale nyumbani. Nilikuwa nimefunga mzigo, mwanangu. Nilikuwa nimemwambia baba yangu, akija, aseme samahani au asiseme, naondoka naye, nina mtoto kule. Ndipo nikaletewa habari kwamba ngolo imechimbwa, shamba lote, nisiwe na wasiwasi. Nikajua amenijibu: ameoa. Mwanaume hachimbi ngolo. Na mama mkwe nilisikia yuko Mbuji." Akafuta mikono kwenye kanga. "Miaka yote hii nilikuwa nakula nawaza, sijui na yeye amekula. Wanawake wengine wana roho mbaya kwa watoto wa wenzao."

Ningeweza kumwambia alinitunza, yakaisha. Nilifikiria hivyo. Lakini nilikuwa nimebeba mashimo yale muda mrefu mno, na mbele yangu walikuwa wamekaa watoto watatu walionyooshewa sare zao na mama yangu.

"Hakukuwa na mwanamke," nikasema. "Nilichimba mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Na salamu nilituma mimi."

Aliniangalia mikono kwanza, kisha uso. Samaki wakamponyoka mapajani. Nilitaka imuume, na ilimuuma, nikaona inavyoingia, na haikunisaidia chochote. Mume wake akapita, akatusalimu, akaenda zake.

"Mbona hukusema ni wewe?" akaniuliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kunilaumu, ya kunilaumu kabisa, kama vile ningali wa darasa la tano. "Ungesema tu ni wewe!"

"Mama, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja," nikamjibu. "Wewe ulikuwa mtu mzima. Mbona hukupanda kuja kuangalia?"